Kitenge cha Dorica na Orodha ya Wazee

Dorica alikuwa mwanafunzi mzuri, na hilo ndilo lililomponza. Sisi wengine tulihudhuria mafunzo ya mradi kwa ajili ya mkate na Fanta. Yeye alikwenda kujifunza. Alikaa benchi la mbele, akaandika kila neno katika daftari la jalada la bluu, na alipofika nyumbani akayafanya yote aliyoyaandika. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dorica alisikia la mkuu, akalishika, na guu likavunjika vilevile.

Mimi naitwa Ngalula. Ni Mluba wa Kasai, nilizaliwa Likasi, na miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga nilitolewa Likasi kwa sababu ya jina hilohilo. Wenzangu walipanda treni kwenda Kasai ambako hata hawakuwahi kufika. Mimi nilivuka Ziwa Mweru na binti yangu Gaëlle mgongoni, nikaanza kuuza sabuni na vitenge Nchelenge, ng'ambo ya Kongo. Jirani wa kwanza kunipa kaa la moto la kuwashia jiko alikuwa Dorica. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba ufukoni pale hakuna mtu aliyejua kuliko mimi orodha ya majina inaweza kufanya nini. Nilijua, na bado nilimsukuma mwenzangu.

Alikuwa na miaka arobaini na kitu, mrefu, mikono imebabuka kwa jua. Mume wake alikwenda kutafuta kazi migodini, akapata kazi na mke mwingine. Dorica hakumsema sana. Alikuwa na chisense zake, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, nao hawangoji mtu amalize kulia. Unawanunua mitumbwi inapofika alfajiri, unawatandaza juu ya mchanga uliofagiwa, unawageuza kwa ufagio wa vijiti kabla jua halijawachoma upande mmoja, unafukuza kunguru mpaka alasiri. Wakikauka, wenye baiskeli wanawapeleka bara. Siku ukizubaa, unakula hasara na harufu pia.

Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, Chabu, ambaye mimi nilimwita kambo, kama tunavyowaita wazee wetu kule Katanga. Kambo Chabu alikuwa jina kubwa toka Kabuta hadi Mununga. Kwetu ufukoni mnunuzi akitupa kitenge chake ndani ya mtumbwi, samaki wote waliomo ni wake, na mwanamke mwingine akigusa ni ugomvi. Kitenge cha Chabu kilikuwa kikiingia mtumbwini wanaume wenyewe wananyamaza. Kiswahili alijifunza kwa kufanya biashara na Wakongo, akamrithisha Dorica, na ni kwa Kiswahili hicho mimi na Dorica tulifahamiana.

Mwaka 1996 Kambo Chabu alitupa kitenge chake kwenye mitumbwi minne asubuhi moja, bila kikapu wala senti. Watu walicheka. Baadaye akaanza kupita kwenye sehemu za kuanikia za wanawake wenzake, akikokota chisense za kila mtu kuwa lundo moja, mchanga na samaki pamoja, akisema mnunuzi wa Mununga anangoja. Hapo hawakucheka tena. Dorica akawa hapumziki. Mara anaokota samaki wa watu, mara anaomba radhi. Mama yake alikuwa amesahau hata jina lake, alimwita "dada," na kila siku aliuliza Chola yuko wapi. Chola alikuwa mtoto wake wa kiume, kaka yake Dorica, aliyezama karibu na kisiwa cha Chisenga zamani sana.

Dorica akabuni dawa yake. Alichukua kitenge, akafunga ncha moja kwenye mkono wa mama na ncha ya pili kiunoni mwake, akaendelea na kazi. Walikwenda hivyo ufukoni, wakaenda hivyo msalani, Jumapili wakaingia hivyo kanisani.

"Yaya," nilikuwa nikimtania, maana kwetu yaya ni dada mkubwa, "leo nani njo anachunga mwenziye?"

"Uliza mayo," alinijibu, yaani mama. "Ye njo anavuta."

Haikupendeza kuitazama, lakini samaki wa watu hawakuchanganywa tena, na mzee hakupotea hata siku moja. Tatizo lilikuwa mgongo wa Dorica. Kuinama na kufagia samaki siku nzima huku mtu anakuvuta kiuno si mchezo. Kufikia mwaka 1998 alikuwa akitandaza nusu tu ya alichotandaza zamani, na jioni alilala chali sakafuni kabla ya kuweza kupika. Wanawake walikuwa wameshamwambia kwamba mama akichanganya tena samaki hata mara moja, atafute ufuko mwingine. Alichokitaka Dorica kilikuwa kitu kimoja tu, mahali ambapo mama yake angekaa salama mchana, ili yeye apate mikono yake miwili na wote wawili wale.

Ndipo ukaja mradi. Baraza la mji lilipata wafadhili, na mradi ukaitwa Mji wa Kesho. Sisi ambao leo yetu haikuwa na bomba la maji tuliletewa kesho. Nyumba zilipakwa namba nyeupe milangoni. Sokoni wakamwaga meza za saruji. Na kubwa kuliko yote, wakaahidi Nyumba ya Mchana, yenye uzio na choo, ambamo wazee waliopotewa na kumbukumbu wangetunzwa wakati watoto wao wakiwa kazini. Waliowahudumia wazee hao wangefundishwa kwanza. Msimamizi alikuwa Bwana Morgan, kijana wa mjini aliyelelewa Kitwe, shati jeupe, kipaza sauti cha mkononi hakimtoki. Mwalimu alikuwa nesi aitwaye Sista Febby, na yeye sina ugomvi naye.

Sista Febby alisimama mbele yetu akasema ubongo huugua kama mapafu yanavyougua. Akasema mzee akikusahau hajakuchukia. Dorica alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika.

"Donc haiko bulozi?" aliniuliza kwa sauti ya chini. Maana uchawi ndilo jina pekee la ugonjwa ule alilowahi kulisikia, ingawa hakuna aliyethubutu kulisema mbele yake.

"Umesikia mwenyewe. Ni malali ya kichwa."

Akajifunika uso kwa daftari lake la bluu akalia, na nilijua analia kwa furaha, kwa sababu miaka miwili mizima alikuwa akijiuliza kama anaosha na kulisha mchawi.

Yaliyofundishwa yalikuwa mengi. Usibishane na mgonjwa. Mpe kazi ndogo ya mikono. Usimfunge kamwe, kwa kamba wala kwa nguo. Bwana Morgan akaongeza kwamba mzee atakayekutwa amefungwa hatapokelewa katika Nyumba ya Mchana. Siku hiyohiyo Dorica alikifungua kile kitenge, akakifua, akakikunja na kukiweka sandukuni.

Siku ya mwisho ikapitishwa karatasi. Kila mmoja aandike kwa mkono wake jina la mzee anayemtunza, umri, na namba ya nyumba. Dorica alishika kalamu, hakuandika.

"Mama Gaëlle, jina ya mayo mu papie ya serikali? Minaogopa."

"Andika, yaya," nilimwambia. "Utabeba mama ku mugongo paka lini? Kama jina haiko mu listi, habatamupokea."

"Na batu batasema nini?"

"Batu banasema kila siku. Andika."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa duara, wa mtu aliyefika darasa la saba. Namba nne, Chabu, miaka 71. Mkate wangu ulikuwa bado mdomoni.

Jumamosi iliyofuata Bwana Morgan alipanda juu ya meza mpya ya saruji sokoni, akatangaza kwamba mji wa kisasa huwajua wagonjwa wake. Sasa angesoma majina ya wazee wenye ugonjwa wa kichwa ili kila mtu awafahamu, na akimkuta mmoja amepotea, amrudishe nyumbani. Nia ilikuwa njema, siwezi kumnyima hilo. Lakini angemuuliza hata mwuza mihogo angeambiwa. Kwenye ufuko ule jina la mzee husomwa mbele ya umati mara mbili tu. Mara moja ni siku anapozikwa. Mara nyingine ni siku mganga anapoletwa kuwatafuta wachawi, akasimama sokoni, akawaita mmoja mmoja, na kila anayeitwa hujitokeza watu wamwone.

Bwana Morgan akasoma kwa kipaza sauti, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa akaombwa ajitokeze watu wamwone. Namba moja hakujitokeza. Wa pili na wa tatu vilevile. Nilitazama nyuso, nikaona familia zao zimeinamisha vichwa.

"Namba nne, Chabu!"

Dorica, mwanafunzi bora, aliupenya umati, akamshika mama yake mkono, akauinua juu. Alikuwa anatabasamu. Kambo Chabu naye akatabasamu, kwa kuwa alizoea zamani watu kumtazama sokoni. Mwuza mihogo aliyekuwa karibu nao alimvuta mtoto wake akamweka nyuma ya mgongo. Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Morgan alimaliza majina yote kumi na moja, akaenda kuibandika karatasi ileile kwenye ubao wa matangazo, mlangoni mwa ofisi.

Nilijua. Likasi pia ilianza kwa majina kusomwa. Ningeweza kwenda kuichana karatasi ile jioni hiyohiyo, ofisi imefungwa na hakuna mlinzi. Nilikwenda nyumbani nikakata sabuni vipande vya kuuza.

Baada ya hapo watu waliendelea kumsalimu Dorica, ila kwa mbali. Akiomba moto, moto ulikuwa umezimika. Waliokubali kumuuzia samaki wabichi ni wavuvi wa Kongo tu. Kuta za Nyumba ya Mchana zilifika usawa wa madirisha, saruji ikaisha, tukaambiwa tungoje. Dorica alingoja. Asubuhi alikuja na mama ufukoni bila kitenge, akamkalisha mbele ya beseni la samaki wa kuchagua, wakubwa huku, wadogo kule, kama Sista Febby alivyofundisha. Nikipata nafasi nilimsaidia kumtupia jicho. Sikuwa na nafasi kila siku.

Machi 1999 vita ya Kongo, ng'ambo, ilikuwa imekaribia ziwa, na boti zilikuwa zikitushushia watu na magodoro yao. Asubuhi moja Dorica alikuwa ameinama anageuza chisense. Mama yake akaacha beseni, akatembea hadi majini. Kijana mmoja, mdogo wa jirani yetu mvuvi aitwaye Mukuka, alikuwa ndiyo kwanza anasukuma mtumbwi kwenda Chisenga, kasia limeshagusa maji.

"Chola!" Kambo Chabu alimwita. "Chola, mwanangu, rudi! Rudi!"

Ufukoni kwetu mtu akishatia kasia majini haitwi. Akiwa amesahau chakula, mwache akae na njaa. Akiwa amesahau nyavu, atajua mwenyewe. Kumwita ni kumkatia njia ya kurudi. Kila mwanamke aliyekuwa pale alisimama na ufagio wake mkononi. Kijana aligeuka, akamwona ni bibi kizee tu, akacheka, akaenda zake. Adhuhuri upepo ukavuma. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, na yeye alipatikana siku ya pili.

Walikuja nyumbani kwa Dorica baada ya mazishi, saa nne asubuhi, jua kali, wanaume tisa. Mukuka alikuwa mbele. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kunitengenezea paa bure. Macho yalikuwa yamevimba, na mkononi alikuwa na ile karatasi, ameing'oa ubaoni na kipande cha gundi kimening'inia. Alisema Kibemba, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Dorica, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Sisi hatukumtaja mama yako. Umemtaja mwenyewe, ukamwinua mkono sokoni."

Dorica alikimbilia ndani, akatoka na daftari la bluu. Akawasomea. Aliwasomea habari za ubongo unaougua kama mapafu, amesimama mlangoni chini ya ile namba nyeupe, haruki hata mstari. Walimsikiliza hadi mwisho, hilo nalo ni kweli.

"Basi," Mukuka akasema, "kwa nini alimwita mdogo wangu?"

"Alidhani ni Chola."

"Chola yupi?"

Dorica angeweza kudanganya. Akina Chola wako wengi. Lakini akili yake ilikuwa bado darasani, ambako ukisema kweli mwalimu anafurahi.

"Kaka yangu. Yule aliyezama."

Nilisikia pumzi za wale wanaume zikibadilika. Mama anayemwita mwanawe aliyekufa majini, na siku hiyohiyo maji yanamchukua mtoto wa mtu. Hawakuhitaji mganga tena. Mukuka alikaa chini mavumbini akalia kwa sauti. Mkubwa mmoja kati yao akasema jua likifika utosini bibi asiwe upande huu wa ziwa, la sivyo wao hawatawajibika.

Nilikimbia ofisini. Bwana Morgan alinisikiliza amesimama, funguo mkononi. Akasema amesikitika sana, ila mambo ya mila hayamo katika mradi. Akaniuliza kama ninajua nani aliyeng'oa tangazo la ofisi.

Niliporudi, Dorica alikuwa tayari ufukoni na sanduku lake. Kabamba, mwenye boti kutoka Lukonzolwa, alikuwa ameshusha wakimbizi asubuhi, na boti lake lilikuwa linarudi tupu. Alimtazama Dorica kama anatazama mtu aliyerukwa na akili.

"Mama, batu beko banakimbia kule. Kule kuko vita. Na weye unataka kwenda?"

"Kule hakuna mutu mwenye kuyua jina ya mayo," Dorica akamjibu.

Kambo Chabu alikuwa na furaha, maana alidhani anakwenda kununua samaki. Alipofika kwenye boti alivua kitenge alichojifunga, akakitupa ndani, kama zamani, samaki wote ni wangu. Dorica akakiokota. Akafunga ncha moja kwenye mkono wa mama, ncha ya pili kiunoni mwake, akavuta fundo mara mbili. Daftari la bluu alikuwa amelisahau mlangoni. Hapana, hakulisahau, aliliacha. Mimi sikumwomba msamaha pale. Niliona aibu, halafu boti likaondoka, na kumwita nisingeweza.

Nyumba ya Mchana ilifunguliwa mwezi wa Julai. Kulikuwa na utepe na Fanta. Sista Febby alikuja kutoa vyeti, na Dorica alikuwa wa kwanza darasani. Wakaita jina lake mara tatu kwa kile kipaza sauti. Mimi nilikwenda mbele nikakipokea, kwani Sista Febby aliuliza kama yuko ndugu yake, na hapakuwa na mwingine. Mzee hata mmoja hakuletwa kwenye nyumba ile. Waliokuwa kwenye orodha, wengine walihamishiwa bara kimyakimya, wengine walifichwa ndani. Chumba kikubwa wakakiwekea viti vya mikutano.

Cheti nilikituma ng'ambo kwa mkono wa Kabamba. Agosti akakirudisha, kimekunjwa vilevile.

"Kambo alikufa," akaniambia. "Mwezi wa tano, homa, tulikuwa tunalala mu pori. Dorica anasema ile papie hapana, haiko na kazi nayo. Anaomba kintu moja tu. Uende bafute jina ya mama yake ku ile listi."

Nilikwenda. Orodha ilikuwa imechapwa upya kwa mashine, nzuri, ina mistari, na mwishoni imeongezwa safu ya hali ya mgonjwa. Nilimweleza Bwana Morgan kwamba namba nne amefariki na mwanawe anaomba jina litolewe. Akakuna shingo. Akasema ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, nayo inasema wazee kumi na mmoja wanahudumiwa. Akimtoa mmoja, wataanza kuuliza maswali, na awamu ya pili ya mradi itakuwa hatarini. Aliongea kwa upole kabisa, na alinipa pole ya msiba.

Nilichukua kalamu mezani kwake. Nilikwenda ubaoni nikalikata jina la Chabu, mstari baada ya mstari, mpaka karatasi ikachanika. Hakunizuia. Nilitembea kurudi sokoni, nikadhani angalau hili nimelifanya, nimechelewa lakini nimelifanya.

Kesho yake nilipita tena na kapu langu la sabuni. Walikuwa wamebandika nyingine. Namba nne, Chabu, miaka 71, anaendelea vizuri.